Shaka Nayo Hukanyaga Wapi

Watu wawili wasioamini wanayosema wataalamu si lazima waelewane. Kijiweni ninapokunywa kahawa jioni kuna fundi cherehani, mtu mzima, anayeshikilia kwamba hakuna kitu kinachoitwa kirusi: mafua ni baridi, homa ni damu chafu, mengine yote ni biashara ya wenye dawa. Anayekaa mkabala naye ni kijana wa bodaboda. Kwake yeye virusi vipo, tena tele, ila vinatengenezwa maabara kwa makusudi. Mimi ninayeamini ya vitabuni hawanishughulikii. Wananihesabu mtu aliyekwisha kupotea. Ugomvi wote ni wao kwa wao.

"Mzee wangu, kama havipo, hao wanaotengeneza wanatengeneza nini?"

"Wewe umekiona?" fundi hujibu huku akitafuna kashata. "Nionyeshe kimoja tu, nakushonea suti bure."

Dau hilo la suti lina kaka yake mkubwa. Novemba 2011 Stefan Lanka, Mjerumani msomi wa biolojia ambaye zamani aliwahi kuandika makala za kisayansi juu ya kirusi cha mwani wa baharini, alitangaza zawadi ya euro 100,000. Ingekwenda kwa mtu atakayemletea chapisho linalothibitisha kwamba kirusi cha surua kipo, na linalotaja kipenyo chake. Daktari kijana, David Bardens, akampelekea machapisho sita. Lanka akagoma kulipa. Mwaka 2015 mahakama ya Ravensburg ikamwamuru alipe. Mtaalamu aliyeteuliwa na mahakama alikuwa amesema kwamba machapisho yale, yakisomwa kwa pamoja, yanathibitisha. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ya Stuttgart ikaitengua hukumu. Tangazo lilitaka chapisho moja, yameletwa sita, na mtoa zawadi ndiye mwenye masharti yake. Surua yenyewe haikuhukumiwa. Ila habari ilipovuka mlango wa mahakama ilikuwa imevaa nguo nyingine: Wajerumani wamethibitisha kirusi cha surua hakipo. Lisemwalo lipo, tunaambiwa, na hili nalo likawapo kwa nguvu ya kusemwa.

Kilichonikaa kichwani katika kesi ile ni hilo neno "moja".

Bibi yangu alikuwa akisuka ukili kibarazani, vidole vikienda vyenyewe na macho yako barabarani. Ukili ni utepe mwembamba, mrefu wa kuviringishwa, na kwa upana wake huwezi kumlazia hata paka. Ukishonwa ubavuni mwa mwingine, na mwingine, ndipo unapata mkeka. Sasa aje mtu adai aonyeshwe ule ukili ambao ndio mkeka. Ukimpa wa kwanza atasema huu mwembamba. Wa pili vilevile, wa tatu hivyohivyo. Atazimaliza kili zote bila kushindwa hata mara moja, na muda wote huo amekaa juu ya mkeka.

Ujuzi wetu wa kirusi cha surua umeshonwa hivyo. Mwaka 1954 John Enders na Thomas Peebles walichukua damu na maji ya koo ya watoto wagonjwa, wakayatia kwenye seli zilizooteshwa maabara, na seli zikaanza kuungana na kuharibika. Ukiishia hapo, mbishi ana haki: huenda seli zimeharibiwa na kitu kingine. Ndiyo maana watu hawakuishia hapo. Kuna picha za hadubini ya elektroni, kuna kingamwili za waliopona ambazo huzuia uharibifu ule, kuna mpangilio wa jeni uliosomwa, kuna chanjo iliyotokana na kazi hiyohiyo na wodi za surua zilizopungua baada yake. Kila kimoja kina tundu lake. Swali gumu si kama kirusi kinaonekana katika kimojawapo. Swali ni nini kingine kingeweza kuyaeleza yote kwa mpigo kama kirusi hakipo, na hapo ndipo fundi wangu hubadilisha mazungumzo.

Neno jingine lenye fitina ni "kutenga". Mtu akisikia kirusi kimetengwa, anawaza ungo: chuya huku, mchele huku, hata jiwe dogo umelitoa. Maabara wana maana yao. Kwao kutenga ni kukitoa kirusi kwa mgonjwa na kukifanya kizaliane mahali pengine ambapo unaweza kukishika na kukichunguza. Bakteria utawaotesha kwenye bakuli la lishe. Kirusi hakiwezi, kwa kuwa hakina jiko lake. Hupika katika jiko la seli kiliyoivamia. Kumdai mtaalamu akioteshe bila seli ni kumdai akuonyeshe mimba bila mama. Wakanushaji hupenda pia kutaja masharti ya kuthibitisha kijidudu kinacholeta ugonjwa, ya Robert Koch, huyuhuyu aliyekuja Afrika Mashariki kuchunguza malaria na malale. Masharti yale yaliwekwa kabla virusi havijajulikana, na Koch mwenyewe alilegeza mojawapo alipokuta watu wazima wa afya wamebeba vijidudu vya kipindupindu.

Kama ni kutenga, Newala, kusini mwa Tanzania, wana kisa. Mwaka 1952 ugonjwa uliangukia uwanda wa Makonde: homa ya ghafla, na viungo kuuma kiasi kwamba mtu anatembea amepinda. Wamakonde wakauita chikungunya, kwa kitendo chake cha kumkunja mtu. Damu ya wagonjwa na mbu wa huko vikafanyiwa uchunguzi katika taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe. Panya wachanga wakadungwa, wakaugua, na kilichotoka kwao kikaendelea kuambukiza panya wengine. Taarifa ya kutengwa kwake ikachapishwa mwaka 1956. Leo jina hilo la Kimakonde linatajwa na madaktari wa India na Brazili. Mimi hupenda kufikiria kwamba watu wa Newala walikuwa wamekwisha kukitambua kitu hicho kwa namna yao, kwa migongo, kabla panya wa kwanza hajaugua. Hawakujua ni nini. Walijua kipo, na walijua kinafanya nini.

Turudi kwenye ugomvi wa wasioamini, maana uliwahi kupiganwa na watu wenye shahada nzito kuliko za kijiweni kwetu. Katikati ya miaka ya 1990 gazeti moja la London, Continuum, lilitangaza tuzo ya pauni 1,000 kwa atakayethibitisha kwamba Virusi vya UKIMWI vimewahi kutengwa. Mwaka 1996 akajitokeza mdai. Hakuwa daktari wa serikali wala mtu wa kampuni ya dawa. Alikuwa Peter Duesberg wa Berkeley, mkanushaji maarufu kuliko wote, aliyekuwa akisema tangu 1987 kwamba VVU havisababishi UKIMWI. Kirusi kipo, alisema, jeni zake zimenakiliwa na kusomwa zote, ila hakimdhuru mtu, leteni pesa. Upande wa pili lilikuwa kundi la Perth, Australia, chini ya Eleni Papadopulos-Eleopulos. Wakamjibu kwamba hajathibitisha chochote, kwa sababu hakuna picha ya chembe zilizosafishwa zikabaki peke yake. Tuzo hakupewa. Mtu aliyeishi kwa kuwaambia wenzake "hamjathibitisha" akaambiwa neno lilelile, kwa sauti ileile.

Kwa nini shaka ya Duesberg iliishia pale ilipoishia? Nadhani ni mikono. Mwaka 1970 alikuwa amekwisha kuvishika virusi vya familia hiyohiyo, vya kuku, na kazi ile ikachangia kupatikana kwa jeni ya kwanza ya saratani. Kukanusha kwamba vitu hivyo vipo kungekuwa kuufuta ujana wake. Kundi la Perth nalo, lililojiona limeshuku mpaka chini kabisa, lilikuwa limekanyaga mahali. Lilipima kila kitu kwa kanuni za kutenga virusi ambazo lilisema zilijadiliwa Taasisi ya Pasteur, Paris, mwaka 1973. Watafiti wa taasisi hiyohiyo ndio walioripoti kirusi chenyewe mwaka 1983. Kwa hiyo walikuwa wanawaamini wanavirusi wa 1973 ili wasiwaamini wa 1983. Siwacheki. Hakuna anayeweza kushuku akiwa hewani. Hata anayesema "sikubali" ameegemea kitu alichokubali jana bila kukiuliza.

Ugomvi ule haukubaki kwenye karatasi. Mwaka 2000 Rais Thabo Mbeki aliunda jopo la UKIMWI Afrika Kusini, akaketisha wakanushaji na wataalamu meza moja. Miaka minane baadaye watafiti wa Harvard walikadiria kwamba kuchelewesha dawa za kupunguza makali nchini humo kuligharimu maisha ya watu zaidi ya 330,000.

Na bado siwezi kumwambia fundi anyamaze. Madai ya "nionyeshe" ni madai ya mtu mwenye heshima zake, na sisi tumeshaonyeshwa mengi yaliyokuwa uongo. Tarehe 3 Mei 2020 Rais Magufuli alipoeleza kwamba sampuli za papai na mbuzi zilitoka maabara na majibu ya kuwa na korona, wengi walisikia kwamba korona haipo. Kilichosemwa kilihusu kipimo. Ukishuku mizani ya muuza duka, hujasema sukari haipo; umesema tu upimiwe tena. Shaka ya namna hiyo inafanya kazi, ina mlango wa kutokea, inajua ni jibu gani litaitosheleza. Ya fundi haijui. Niliwahi kumuuliza ni kitu gani, nikimletea, kitampa deni la suti. Alifikiri muda mrefu, kwa uaminifu kabisa, akasema atajua akikiona.

Juzi kijana wa bodaboda alikuja anakohoa. Alikunywa kikombe kimoja, akakirudisha kwenye sinia, na muuza kahawa akakisuuza kwa haraka kwenye ndoo na kumpa fundi aliyekuwa anafuata. Fundi akakitazama. Kilikuwa kinang'aa.

"Hiki hapana," akasema. "Kipitishie maji ya moto kwanza."

Kijana akacheka mpaka akakohoa tena. "Mzee, si ulisema havipo?"

"Sijasema virusi. Uchafu tu."

Muuza kahawa akakimiminia maji yanayochemka kutoka kwenye birika, akakizungusha, akamwaga, akarudia mara ya pili, kisha akamjazia.