Umechoka nini, kwani unalipa kodi?

Dada yangu alipofariki, tulianua tanga siku ya tatu. Sisi watu wazima tuliendelea kupeana pole mwezi mzima. Mwanawe wa miaka 13 tulimpa kitanda na chandarua, tukaona yamekwisha.

Mwanzoni alikuwa hakosekani uwanjani. Baadaye njumu zikabaki msumarini, tope limezikaukia. Kila Jumatatu tumbo likawa linamuuma. Tukampa dawa ya minyoo. Alipoanza kuwafokea wenzake, tukasema balehe hiyo, amekuwa jeuri. Jioni moja akaniambia, "Mjomba, nimechoka." Nikamjibu kama baba alivyokuwa akinijibu mimi: "Umechoka nini, kwani unalipa kodi ya nyumba?" Sebule nzima ikacheka. Naye akatabasamu, akaenda kulala. Hata saa mbili usiku ilikuwa haijafika.

Kiswahili kina neno lake: sonona. Kwa mtu mzima twaitambua, maana hukonda na kulia. Kwa kijana mdogo mara nyingi haiji na machozi. Huja na hasira, usingizi ulioharibika, maumivu ya kichwa na tumbo yasiyoonekana kwenye vipimo, na kukinai kile alichokuwa akikipenda. Hali hiyo ikishinda naye wiki 2 mfululizo, tusiiite ujana. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kijana 1 kati ya 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19 anaishi na tatizo la afya ya akili. Tafsiri yake, katika darasa la watoto 70, ni watoto kumi.

Sonona huchochewa na mengi: msiba, kipigo, ufukara, mzazi ambaye naye anasonona. Wa kwetu alikuwa na msiba, na juu yake kuonewa shuleni. Hilo la pili aliligundua mwalimu wake, si mimi niliyekuwa nikila naye sahani moja. Ni mwalimu huyo aliyetuelekeza kwa mtaalamu.

Sasa swali langu ni lilelile, ila nimeliondolea kodi: "Umechoka nini, mjomba?" Kisha nanyamaza. Jumapili iliyopita ilimchukua robo saa kunijibu. Nilikuwa bado nimekaa.