Sijaona Si Hakuna

Msomaji kijana, ukisimama Kaptembwo asubuhi, vumbi la njia lisijainuka bado, utauona mlima Menengai umelala upande wa kaskazini kama mtu aliyejifunika blanketi. Mgeni huutazama akasema, "Pale hapana kitu ila mawe na majani." Walakini mwaka 2011 watu walianza kuchimba visima virefu ndani ya shimo kubwa la mlima huo, na katika kina cha kilomita mbili hivi walikuta joto lipitalo digrii 300. Mwaka 2023 kituo cha kwanza cha umeme kilianza kuendeshwa kwa mvuke wake. Mgeni hakusema uongo juu ya alichokiona. Alikosea juu ya asichokiona.

Basi nakuuliza: je, mtu ana haki ya kusema "hakuna" kwa sababu hajaona?

Kabla hujajibu, fikiri habari ya hewa uivutayo sasa hivi. Katika kila sehemu mia za hewa hiyo, sehemu 78 ni nitrojeni. Mahindi yakiikosa katika udongo huwa manjano na kudumaa, na nyama ya mwili wako haiwezi kujengwa bila yake. Lakini wataalamu walipoipima nitrojeni ya hewa na ya miamba, kisha wakailinganisha na ile ya vimondo vya kale vilivyofanana na vitu vilivyoiumba dunia, waliona kuwa ya dunia ni pungufu mno. Imekwenda wapi? Wengine walisema ilipotelea angani dunia ilipokuwa changa na ya moto. Wengine walisema yamkini sehemu yake imefichwa chini, ndani ya chuma.

Hapana aliyeweza kushuka kutazama. Toka hapa hadi katikati ya dunia ni kilomita 6,371, na shimo lenye kina kikubwa kupita yote, lililochimbwa Kola katika nchi ya Urusi, lilifika mita 12,262 tu mwaka 1989. Dunia ingekuwa chungwa, tusingalikuwa tumelitoboa hata ganda.

Wataalamu hawakukata tamaa, wala hawakujitungia jibu. Walitwaa chembe za chuma pamoja na nitrojeni, wakazibana baina ya ncha za almasi mbili na kuzipasha moto mkali, ili wapate mfano wa hali ya kule chini. Wakaona kuwa chuma kilichobanwa hivyo huipokea nitrojeni na kuungana nayo. Nacho kiini cha dunia, kianzacho kwenye kina cha kilomita 2,900 hivi, ni chuma kwa sehemu kubwa. Kisha akatokea shahidi. Almasi hupandishwa juu na volkano za kale, kama zilivyopandishwa zile za Mwadui katika Shinyanga. Ndani ya almasi kadhaa za Juina, nchini Brazil, zilizotoka kina cha mamia ya kilomita, zilionekana punje ndogo mno za chuma kilichoungana na nitrojeni. Ni kiasi gani kilichofichika, na kiasi gani kilichopotea, hesabu hiyo haijafungwa hata leo. Lakini hapana tena awezaye kusema kwa wepesi, "Kule chini hakuna."

Sasa turudi Kaptembwo. Wako watu wapitao njiani wakaona vyumba vya kupanga vilivyosongamana na nguo zilizoanikwa, wakasema, "Hapa hapatoki mtu wa maana." Wako na wanafunzi wamwonao mwenzao akaaye nyuma darasani, asiyeinua mkono, wakasema, "Huyu hana kitu kichwani." Hao wamepima ganda wakatoa hukumu ya chungwa zima. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu.

Labda utanijibu, "Je, nimsadiki kila mtu kuwa ana hazina ndani yake?" La, sisemi hivyo. Kusema "ipo" bila ushahidi ni kosa lile lile lililogeuzwa upande. Nasema neno la haki liko katikati: "Sijaona." Neno hili ni la unyenyekevu, lakini si la uvivu, kwa sababu humdai mwenye kulisema atafute, aulize, angoje. "Hakuna" hufunga mlango, na hasara yake humwangukia yule aliyehukumiwa, wala si mwenye kuhukumu. Kama wote wangaliridhika na neno la yule mgeni, nani angalichimba kisima Menengai?

Na hukumu iliyo mbaya kupita zote ni ile mtu aitoayo juu ya nafsi yake. Siku moja utashindwa hesabu au insha, nawe utataka kusema, "Mimi sina akili hiyo." Siku hiyo jiulize kwanza: nimechimba mita ngapi? Ukiwa mkweli, huenda ukaona hujafika popote bado. Basi sema, "Sijaona," kisha ulishike jembe.