Nikodemo Arudi Darasani

Basi la alfajiri kutoka Mbeya kwenda Iringa linapita Uyole, Igurusi, Chimala, Makambako na Mafinga, safari ya zaidi ya kilomita 300. Dirishani amekaa mtu mzima wa miaka 38, koti limefungwa hadi shingoni, bahasha ya kaki mapajani. Tumwite mhadhiri msaidizi tu. Ni mtu wa mfano, na wa aina yake wapo wengi. Miaka tisa amesimama mbele ya darasa pale Iyunga, kwenye Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya. Wanafunzi wakikutana naye kwenye ngazi wanampisha. Sasa ndani ya bahasha mna barua inayosema kwamba mleta barua hii ni mwanafunzi, na anaombewa ushirikiano.

Neno hilo, mwanafunzi, ndilo lililomkaa kooni.

Katika vyuo vikuu vya Tanzania mwenye shahada ya uzamili huwa mhadhiri msaidizi, na kwa kawaida hawi mhadhiri kamili mpaka apate uzamivu. Kwa hiyo wengi wanaoanza uzamivu Nyanda za Juu Kusini wameshaota mizizi: wana watoto shuleni, mkopo benki, vipindi vya kufundisha, ni wazee wa kanisa na makatibu wa vikundi vya kuzikana. Mradi wa elimu ya juu wa HEET, unaotokana na mkopo wa dola milioni 425 ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2021, umewasomesha baadhi ya wahadhiri wa vyuo vya umma. Wengine wanajilipia, na ada inaula mshahara kabla haujafika nyumbani. Ushauri wanaopeana unafanana: mtafute msimamizi kabla hujatafuta chuo, zungumza na mwenza wako habari ya fedha kabla hujasaini chochote, soma tasnifu tatu nne za waliokutangulia ujue mzigo unafananaje. Ni ushauri mzuri, ila hauligusi jambo ambalo ni la falsafa na imani kabla ya kuwa la taaluma. Mtu aliyezoea kuulizwa anarudije kuwa muulizaji?

Injili ya Yohana ina mtu aliyelibeba swali hilo. Nikodemo ni Farisayo, mkubwa wa baraza, mwalimu anayeheshimika. Anamwendea Yesu usiku. Anaambiwa hana budi kuzaliwa mara ya pili, naye anauliza mzee atarudije tumboni mwa mama yake. Wahubiri wengi humcheka hapo: msomi mzima hata fumbo hakulielewa! Pengine alilielewa kuliko wanaomcheka. Alijua uzito wa kuanza upya ukiwa jina lako limeshajengeka, na ndiyo maana alichagua usiku.

Usiku wa Nikodemo upo hata Mbeya. Saa tano, watoto wamelala, mhadhiri msaidizi amevaa spika za masikioni anatazama video za takwimu za mwanzo kabisa, somo ambalo mwaka juzi alisaidia kulisahihisha. Kwenye semina ya idara hakuuliza. Alimwandikia mwenzake kwa WhatsApp baada ya watu kutawanyika. Kuna na suala la salamu. Kwa desturi shikamoo inafuata umri, lakini chuoni cheo kinaingilia, na msimamizi wake ni mdogo kwake kwa miaka minne. Mwezi mzima wa kwanza wote wawili walijificha nyuma ya “habari za kazi”.

Pendekezo lake la utafiti la kurasa 30 lilirudi na maoni kila ukurasa. La kwanza lilikuwa neno moja: “Umejuaje?”

Ukiliweka kando joto la aibu, neno hilo ndilo mlango wa falsafa nzima ya maarifa. Mhadhiri alikuwa ameandika kwamba kilimo cha vinyungu kinakausha mito. Vinyungu ni bustani za mabondeni ambazo wakulima wa Iringa hulima kiangazi kwa kutegemea unyevu uliobaki ardhini, wakipata maharage, mahindi mabichi na mboga wakati shamba la mlimani limekauka. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kibinadamu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na yeye, mhandisi wa maji, alianzia kwenye sheria hiyo kana kwamba ndiyo matokeo ya utafiti. Amewahi kupima? Amewahi kusimama ndani ya kinyungu mwezi wa tisa? Hakuwahi. Alikuwa na uhakika, na uhakika huo alikuwa ameurithi.

Waislamu wa Mwanjelwa, Mbeya, na wa Mshindo, Iringa, wanayo hadithi iliyo jirani kabisa na hapo. Katika Sura ya Al-Kahf, Musa, naye ni nabii, anasafiri hadi makutano ya bahari mbili kumtafuta mja aliyepewa elimu, ambaye mapokeo yanamwita Khidhr. Anaomba amfuate ili afundishwe. Anaonywa kwamba hatavumilia, na anapewa sharti la kutouliza. Mara tatu uvumilivu unamwishia: jahazi linapotobolewa, kijana anapouawa, na ukuta unapojengwa bila ujira katika mji uliowanyima chakula. Kinachomponza Musa ni elimu aliyokuwa nayo tayari. Sheria anaijua, na kila anachokiona anakihukumu kwayo papo hapo. Mtoto asiyejua kitu angeifuata safari ile kwa urahisi zaidi.

Kiswahili nacho kimeipa shahada ya uzamivu jina linalotokana na kuzama. Ni picha ya watu wa pwani, ya mzamiaji anayeacha juu pumzi na mwanga. Mwandishi Euphrase Kezilahabi alizama hivyo. Alikuwa ameshachapisha Rosa Mistika mwaka 1971 na riwaya nyingine baada yake, anafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, anajulikana nchi nzima. Akaenda Wisconsin, Marekani, kukaa tena kwenye kiti cha mwanafunzi. Tasnifu yake ya mwaka 1985 ilihusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Riwaya alizotoa baadaye, Nagona na Mzingile, zina mtu anayetafuta bila kupewa jibu la mkato, na wasomaji waliozoea Kezilahabi wa mwanzo waliziona ngumu.

Lakini kuzama kuna gharama ya mwili na akili. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la Nature Biotechnology uliwahoji watu 2,279 wa nchi 26, wengi wao wanafunzi wa uzamivu, na asilimia 41 walionyesha wasiwasi wa kiwango cha kati hadi kikali. Waliojibu walijitolea wenyewe, kwa hiyo takwimu hiyo haiwezi kuwasemea wote. Hata hivyo anayeijua mikesha ya Iyunga au ya Kihesa, Iringa, hatashangaa. Nyumbani anaitwa “dokta” tangu siku ya usajili, mama mkwe anamuuliza dawa ya presha, na michango ya harusi inapanda kufuatana na cheo ambacho bado hajakipata. Wanaopita salama huwa wamejiwekea vitu vidogo: ukurasa mmoja kila siku hata kama ni mbaya, wenzao wawili watatu wa kusomeana kazi, siku moja ya wiki isiyoguswa. Kwa wengi siku hiyo ni ya ibada, na hapo wanakaa benchi moja na fundi baiskeli na muuza nyanya, na hakuna anayewauliza sura ya pili imefikia wapi.

Mbeya ina babu wa kiroho anayefaa kukumbukwa katika mikesha hiyo. Wamisionari wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891, na leo kanisa lao lina Chuo Kikuu cha Teofilo Kisanji mjini Mbeya. Mmoja wa maaskofu wa kale wa ndugu hao alikuwa Comenius, mwalimu aliyezaliwa Moravia mwaka 1592. Zaidi ya miaka 40 alikuwa akikusanya kamusi kubwa ya Kicheki. Mwaka 1656 mji wa Leszno, Poland, ulichomwa vitani, na miswada yake ikaungua, kamusi ikiwemo. Alikuwa na miaka 64. Akahamia Amsterdam, na miaka miwili baadaye kikatoka kitabu chake cha picha cha kufundishia watoto, kilichosomwa Ulaya kwa vizazi vingi. Mwanafunzi wa leo anaweza kuchukua hapo somo la kawaida kabisa: kazi isikae kwenye kompyuta moja, ijitumie kwa barua pepe, iweke na kwenye flashi iliyo nyumba nyingine. La pili ni la ndani zaidi. Mzee aliyepoteza kazi ya maisha yake hakuwaacha watoto wanaojifunza kutaja ndege na miti.

Je, unyenyekevu huu si njia nyingine ya kumnyamazisha mwanafunzi? Hatari ipo. Nyanda za Juu zina adabu inayomkataza mdogo kumkatiza mkubwa, na wapo wanaoitumia kufunika uvivu wao wa kusoma rasimu. Mwanafunzi anayeitikia kila maoni kwa “sawa, daktari” atafika siku ya kutetea tasnifu akiwa na kazi asiyoweza kuitetea. Hapa Nikodemo anafaa kuliko Musa, kwa sababu hadithi yake haiishii usiku ule. Katika sura ya saba anaonekana mchana, barazani, wakuu wakitaka kumhukumu Yesu. Anauliza kama sheria yao humhukumu mtu kabla ya kumsikiliza. Wanamkejeli, lakini swali limeshatoka. Aliyekuja gizani kuuliza kwa ajili yake mwenyewe sasa anauliza mbele ya wenzake kwa ajili ya mwingine.

Kusikiliza kabla ya kuhukumu kumewahi kulipa Iringa. Mwaka 1964 Alison Redmayne alikamilisha Oxford tasnifu yake ya uzamivu juu ya Wahehe, na makala yake ya mwaka 1968 juu ya Mkwawa, mtawala wao, inaendelea kutajwa na wanahistoria. Nyaraka za Wajerumani zinavisimulia vita vya Lugalo, ambako kikosi chao kilichoongozwa na Zelewski kilivunjwa Agosti 17, 1891, kwa macho ya walioshindwa. Upande wa pili ulikuwa vinywani mwa wazee aliowasikiliza. Shahada ilitolewa kwa jina moja, kama zinavyotolewa zote.

Mhadhiri msaidizi ameshuka Ipogolo, Iringa. Barua ya chuo imezaa barua ya mkoa, ya mkoa ikazaa ya wilaya, ya wilaya ikazaa ya kata, na mtendaji wa kijiji ameondoka na muhuri kwenda msibani. Siku ya pili anafikishwa kwa mzee mwenye vinyungu viwili kando ya kijito. Anapiga shikamoo, anajaribu na “kamwene” yake ya Kihehe, mzee anacheka na kumsogezea kigoda. Mwenyeji aliyemleta anaeleza kwamba mgeni anasomea udaktari.

“Vizuri,” anasema mzee, na kukunja suruali hadi gotini. “Hili linaniuma tangu masika.”

“Babu, mimi si daktari wa watu. Ni wa maji.”

Mzee anaishusha suruali taratibu. Anakitazama kijito, kisha mgeni. “Maji yetu yanaumwa nini?”

Kwenye pendekezo la utafiti jibu lipo, ukurasa wa nne, na chini yake kuna wino wa msimamizi. Mhadhiri anafungua daftari, anaandika tarehe na jina la kitongoji, na kumwomba mzee amwonyeshe maji yalikuwa yanafika wapi alipokuwa mtoto.