Pumbao na Bei Yake

Sisi tufundishao lugha tuna desturi ya kuyachungulia maneno kabla ya kuyatumia. Jambo alifanyalo mtu kwa mapenzi yake mwenyewe, baada ya kazi, aghalabu twaliita pumbao au uraibu. Pumbao limetokana na kupumbaa, na jirani yake wa karibu ni upumbavu. Uraibu nao huwahusu pia watafunao tambuu na wavutao tumbaku. Kwa hiyo, kabla hujashika sindano au kalamu kwa raha yako, lugha imekwisha kukutazama kwa jicho la lawama. Je, lawama hiyo ni ya haki? Hilo ndilo swali tutakalo kulizungumza, nasi hatulizungumzi kama watazamaji. Tumepata kukosea katika jambo hili, na aliyelipa gharama ya kosa letu hakuwa sisi.

Huku Ruti, ng'ambo ya mto Rwizi mjini Mbarara, barazani pa duka moja hukaa mama mmoja fundi wa cherehani. Alizaliwa upande wa Goma, akapitia makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, ambako nduguze wangali wakilima kiwanja walichogawiwa. Mchana hushona sare za shule, hupunguza suruali, hutia zipu. Jioni, akisha kufunika cherehani, alikuwa akitoa mfukoni kitambaa cheupe cha meza na kukidarizi kwa mkono: ziwa, mtumbwi, ndege wa majini, na mlima Nyiragongo ukitoa moshi. Alikaa nacho muda upatao mwaka mzima. Palipokosewa alifumua bila hasira, akaanza tena. Uso aliokuwa nao saa ile hatukupata kuuona alipokuwa akitia zipu.

Nasi, kwa nia njema, tulimwambia, “Mama, kitambaa hiki ni fedha.” Tukamtafutia mnunuzi. Huyo akalipa bila kubishana bei, akaagiza vingine sita vya namna ile ile. Mama akavidarizi vyote sita kwa wakati, wala hapana mshono uliopinda. Fedha alizipata, na alizihitaji. Jambo hilo hatulifichi. Baada ya miezi kadhaa tukamuuliza kwa nini hatumwoni tena na sindano wakati wa jioni. Akajibu, “Mwalimu, ile sasa ni kazi.” Akarudi kwenye zipu.

Tumelitafakari jibu hilo kwa muda mrefu. Sindano ilikuwa ile ile, uzi ule ule, na mkono ule ule. Kilichobadilika ni mwenye kauli. Katika kazi, mteja ndiye aamuaye kitu kiwe na rangi gani na kiishe lini. Katika pumbao, anayeshona ndiye aamuaye, hata akipenda kisiishe kamwe. Nakivale imepokea wakimbizi tangu miaka ya 1960, kwanza Wanyarwanda, kisha Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo, na mkimbizi hupangiwa mengi: kiwanja, mgawo, foleni, tarehe ya kuitwa. Twadhani kwamba kitambaa kile cheupe kilikuwa mahali pekee ambapo neno la mama yule lilikuwa la mwisho. Sisi tukampeleka mteja hata hapo.

Yafaa pia tuseme wazi kwamba lawama hii haigawanywi sawasawa. Wazee wakizunguka ubao wenye mashimo 32 na kete 64, mchezo ambao Waswahili huuita bao, Waganda omweso na Wanyarwanda igisoro, hapana apitaye akawauliza wamepata shilingi ngapi. Vijana nao wana michezo ya simu ya kulima shamba la kuchora, kumwagilia na kuvuna bila adui wala haraka, na kijana asiye na shamba haoni haya kulitunza lile. Lakini mwanamke akishika sindano kwa raha yake huulizwa bei papo hapo.

Yupo atakayesema kwamba mwenye njaa hana haki ya kupumbaa. Hoja hiyo si nyepesi. Mwaka 2023 Shirika la Chakula Duniani lilianza kuwagawa wakimbizi walioko Uganda katika madaraja ya uhitaji, na familia nyingi zikapunguziwa mgawo. Mama amwachaye mtoto bila uji ili amalizie ua la nyuzi nyekundu, hatutamtetea. Walakini huyo ni mama wa mfano tu. Wale tuliowaona sisi hudarizi baada ya uji. Na mtu anayedai kwamba maskini atumie kila dakika kuzalisha, ilhali yeye mwenyewe ana jioni zake, hamhurumii maskini bali amtaka awe cherehani.

Sisi walimu tuna dhambi yetu ya pekee. Neno shule lilitufikia kwa Wajerumani, na skuli kwa Waingereza. Yote mawili asili yake ni neno la Kiyunani lenye maana ya wasaa, nafasi ya mtu aliyepumzika na shughuli. Lakini mwanafunzi akituletea hadithi aliyoitunga nyuma ya daftari la hesabu, twamuuliza kwanza kama itamfaa katika mtihani. Tangu Kiswahili kilipotajwa kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda mwaka 2005, tumekisifu kwa ajili ya biashara, ajira na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ni mara chache tumewaambia wanafunzi kwamba mtu aweza kutunga uongo mtamu kwa lugha hii, akaufurahia peke yake.

Hapa tulikusudia kumtaja Abdulrazak Gurnah, aliyeondoka Zanzibar akiwa kijana baada ya Mapinduzi ya 1964, akaanza kuandika huko Uingereza akiwa na umri wa miaka 21 kwa upweke wa kukumbuka kwao, wakati hapana aliyemwagiza. Riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1987, na Tuzo ya Nobel ikamfikia mwaka 2021. Lakini tulipokwisha kuandika hayo tuliona tumelirudia kosa lile lile la barazani: tumeitetea kalamu yake kwa bei iliyoipata baadaye. Kurasa zile za kwanza, hata kama zisingechapishwa kamwe, zilikuwa zimekwisha kumfaa.

Suruali zetu bado twazipeleka kwa mama yule. Mwezi uliopita tulimkuta na kipande cheupe magotini, sindano imechomekwa pembeni. Tulifungua kinywa kuuliza ni cha nani, tukanyamaza. Tukatoa suruali, tukaeleza inchi za kupunguza.