Yule Anayefagia

Ndani ya "Twin Peaks: The Return" (2017) ya David Lynch na Mark Frost, jamaa anafagia sakafu ya baa kwa zaidi ya dakika mbili. Anafagia tu! Wenzangu hapa Akheri waliguna: mpelelezi yuko wapi? Kweli, Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla angekwisha washa kiko na kumtaja muuaji.

Lakini muuaji wa Laura Palmer tulishatajiwa mwaka 1990. Jina lile lilimfaa nini marehemu? Sisi ndio tuliolala usingizi. Kwetu, matanga yakiisha, kuna anayebaki kufagia, na hakuna anayemharakisha. Lynch anatukalisha naye vipindi 18. Mwishoni mwanamke mwenye sura ya Laura anapiga yowe, taa zinazimika, basi.