Je, Mtu Aweza Kuwa Mwalimu wa Nafsi Yake?

Katika karne ya 12, tabibu na mwanafalsafa wa Andalusia, Ibn Tufayl, alitunga kisa cha Hayy bin Yaqdhan, mtoto aliyelelewa na paa katika kisiwa kisicho na watu. Paa alipokufa, kijana alimpasua kifua ili ajue ni kitu gani kilichomtoka. Tangu hapo akachunguza wanyama, moto na nyota, hata akamtambua Mungu kwa akili yake mwenyewe.

Watetezi wengi wa masomo ya mtandaoni humwona mwanafunzi kama Hayy: apewe intaneti, atajichagulia masomo, wenzake na mwendo wake. Wanasahau kwamba Hayy, pamoja na hekima yote hiyo, hakuwa na lugha mpaka mtu aitwaye Absal alipofika kisiwani akamfundisha kusema.

Mwaka 1818 Joseph Jacotot, Mfaransa aliyekuwa uhamishoni, alifundisha Louvain, katika Ubelgiji ya leo. Wanafunzi wake wengi hawakujua Kifaransa, naye hakujua Kiholanzi. Akawapa riwaya ya Télémaque iliyochapwa kwa lugha zote mbili, wailinganishe na kuikariri, kisha waandike kwa Kifaransa waliyoyafikiri. Waliandika vizuri kuliko alivyotarajia, na hakuna aliyewaeleza sarufi. Jacotot akaamini kwamba akili haihitaji mfafanuzi. Lakini na tumtazame yeye mwenyewe: aliwapa kazi, akawadai, akaisoma. Aliyaacha maelezo, hakuwaacha wanafunzi.

Hapo ndipo kozi nyingi za mtandaoni zinapoteleza: huwaacha wanafunzi.

Walimu wawili, George Siemens na Stephen Downes, walipoendesha kozi yao ya mtandaoni katika Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, mwaka 2008, watu wapatao 2,200 walijiunga bure, kila mmoja akijipangia nyenzo na njia. Watafiti waliowahoji baadhi yao walikuta kwamba uhuru huohuo uliowavutia ulikuwa mzigo kwa waliokosa mwongozo. Mwaka 2011 kozi ya akili bandia ya walimu wa Stanford iliandikisha watu takriban 160,000, wakamaliza kama 23,000. Hata hao waliomaliza ni wengi, hakuna ukumbi wa mihadhara ambao ungewatosha. Tena wapo waliochukua walichokitaka wakaenda zao, na hiyo ni haki yao. Ila mtu akipotea katika umati kama ule, nani atamuulizia?

Uhuru wa kuchagua hutolewa kwa siku moja. Uwezo wa kujiongoza hukua polepole, na hukua mbele ya mtu anayesubiri kazi yako. Kwa hiyo vyuo vyetu vinavyofungua kozi za mtandaoni vitenge kwanza fedha za kuwalipa wasomaji wa kazi za wanafunzi, video zifuate. Nawe unayejisomea kwa simu usiku, mtafute mwenzako mmoja, mkubaliane siku ya kusomeana mlichoandika.