Mapenzi ya Desemba, Maisha ya Februari



Kijana mwenzangu, leo naomba tuongee jambo ambalo wengi tunalijua lakini tunaliongelea pembeni tu, baada ya misa au kwenye simu usiku. Umeenda nyumbani likizo ya Krismasi. Umekutana na mtu. Wiki 2 zimepita kama siku 2. Halafu basi linaondoka: wewe unarudi mjini kwenye kazi yako, yeye anabaki kijijini kwenye kazi yake. Je, nani amfuate mwenzake? Na asiyekubali kufuata, ina maana hapendi?

Sisemi kwa kusikia. Limenipata mimi mwenyewe.

Nafanya kazi ya uhasibu Dar es Salaam na bado nahangaika na mitihani ya CPA. Bibi yangu anaishi Kalemela, wilaya ya Busega, mkoa wa Simiyu, huku Usukumani karibu na Ziwa Victoria. Ni zaidi ya kilomita 1,000 kutoka chumba changu cha kupanga. Desemba iliyopita nilienda kwake. Usiku wa mkesha wa Krismasi mwalimu mmoja wa sekondari ndiye aliyekuwa akiongoza kwaya. Misa ilipoisha alimshika bibi mkono, akamulika njia kwa tochi ya simu mpaka nyumbani. Bibi akasema, "Wabeja, mwanangu," kisha akamkaribisha chakula cha kesho yake. Basi, ikawa hivyo. Alikuja kesho yake, na keshokutwa. Tulikula ugali wa udaga na sato, tukakaa nje mpaka nyota zikajaa, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi sikuangalia simu.

Niliporudi Dar, kitabu cha mtihani nilikifungua, nikakitazama tu. Katikati ya Januari nilikuwa nimeshaandika barua ya kuacha kazi. Nilijiambia huo ndio upendo wa kweli, kuacha vyote. Nilimwonyesha padre wetu ile barua, nadhani nilitaka anisifu. Akaisoma, akanirudishia, akauliza swali moja: "Huyu kijana, umewahi kumwona siku ya kazi?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimempenda mwalimu ambaye shule yake imefungwa. Naye alimpenda mhasibu ambaye ofisi yake iko mbali. Kalemela niliyoipenda ilikuwa ya Desemba, ndugu wote wamerudi, kuku wanachinjwa, na mimi nina tiketi ya kurudi mfukoni. Ukiwa na tiketi ya kurudi, kijiji chochote ni kizuri.

Mwishoni mwa Februari nikaomba likizo ya siku 4, nikaenda tena. Safari hii nilimkuta na rundo la madaftari, sauti imekauka, amechoka mpaka maneno mawili hayasemi. Aliniambia kwa ukali kidogo nisimsemeshe mpaka amalize kusahihisha. Ofisini walinitafuta nitume ripoti, nikazunguka uwanja mzima nikitafuta mtandao. Na pia niliona kitu ambacho Desemba sikukiona. Wanafunzi walikuja nyumbani kwake jioni, wenyewe, kuuliza hesabu zilizowashinda. Shule ile ina walimu 2 tu wa hisabati. Akiondoka, anabaki mmoja.

Likizo ya Juni akaja yeye. Nilimpokea stendi ya Magufuli, Mbezi, akafikia kwa binamu yake, na kila jioni alikuja kunisubiri nyumbani kwetu. Siku 3 mfululizo nilirudi saa 3 usiku. Siku ya tatu nilisinzia na kijiko mkononi. Akacheka, lakini baadaye akaniuliza kwa upole, "Sasa dada, tukiishi hapa, tutakuwa tunaonana saa ngapi?"

Nimeeleza yote haya kwa sababu kuna majibu mawili ambayo vijana tunapeana haraka, na yote mawili yana kasoro.

La kwanza: ukipenda kweli, utaacha kila kitu. Watu hutaja Ruthu, yule aliyekataa kuachana na mwenzake na kuahidi kwenda naye popote. Maneno yake husomwa sana harusini. Lakini soma sura ya kwanza yote. Ruthu hakuyasema kwa mchumba, aliyasema kwa mama mkwe wake, Naomi. Na hakuyasema katika siku za raha. Alikuwa ameishi na Naomi miaka, amemwona akizika watoto, amemwona hana kitu. Alimfuata mtu ambaye alishamjua katika hali yake mbaya kabisa. Mimi nilitaka kutoa ahadi ya Ruthu baada ya wiki 2 za pilau.

Kuna jingine. Mfalme Daudi alikataa kumtolea Mungu sadaka isiyomgharimu (2 Samweli 24:24). Mimi nilikuwa naelekea kufanya kosa la upande wa pili, kutoa sadaka ambayo gharama yake wangelipa wengine. Mshahara wangu unasomesha wadogo zangu wawili. Nikiacha kazi ghafla, nitaonekana nimejitoa sana, lakini watakaorudishwa nyumbani kwa ada ni wao. Naye akihama kesho kunifuata, watakaolipa ni wale wanafunzi wa jioni. Kabla ya kusema "najitoa kwa ajili yako," hesabu vizuri ni nani anayetolewa.

Jibu la pili ni la marafiki zangu wa kazini: mwanaume anapita, cheti kinabaki. Siwacheki. Wapo mama zetu na dada zetu walioacha masomo kwa ajili ya mtu, yule mtu akaondoka. Na Kanisa halimwambii binti azike kipaji chake. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Familiaris Consortio ya mwaka 1981, alikiri kuwa hadhi sawa ya mwanamke inampa haki kamili ya kushika kazi katika jamii. Ila ule mfano wa talanta (Mathayo 25) hausemi kwamba talanta inazaa Dar es Salaam peke yake. Simiyu ni mkoa wa pamba. Wakulima wanauza kupitia AMCOS zao, na penye mizani na malipo lazima pawe na mtu wa kuandika vitabu vilivyonyooka. Kumbe ninachojua kina kazi hata kule. Kitu kilichonizuia kukiona kilikuwa aibu. Nitawaambiaje wenzangu wa chuo?

Papa Fransisko, katika Christus Vivit ya mwaka 2019, aliweka upendo na kazi ndani ya sura moja, sura ya wito. Baadaye (namba 286) anatuambia tusiishie kujiuliza mimi ni nani, tujiulize pia mimi ni kwa ajili ya nani. Swali hilo lilinisumbua wiki nzima. Maana cheo naweza kukitaka kwa ajili ya wadogo zangu, au kwa ajili ya picha ya kupakia mtandaoni. Na mchumba naweza kumtaka kwa ajili yake, au kwa sababu nimechoka na upweke wa mjini.

Mwalimu Nyerere na Mama Maria, wote walimu, wote wa jirani hapo Mara, walikuwa wameshachumbiana Julius alipokwenda kusoma Edinburgh mwaka 1949. Alirudi 1952, wakafunga ndoa Januari 1953. Mwaka 1955 aliacha ualimu wa Pugu kwa ajili ya siasa, mshahara ukakatika, na mke wake akaubeba uamuzi ule pamoja naye. Siwataji ili tuwaige kila hatua. Nawataja kwa sababu hata kwao kulikuwa na kusubiri, na kuna kitu kililipwa.

Mtakatifu Paulo anasema mke amtii mume, na mstari huo tunaukariri. Ila mstari unaoutangulia (Waefeso 5:21) unawataka wote wanyenyekeane. Kwa hiyo swali la "nani amfuate nani" halina jibu la jinsia wala la mshahara. Wanalijibu wawili, wakiwa wamepiga magoti upande mmoja wa meza.

Sisi tumefikia hapa. Barua yangu niliichana. Nitafanya mtihani wa Novemba. Yeye ameomba uhamisho kwenda Mwanza, lakini ameomba kuondoka baada ya kidato cha nne wa mwaka huu kumaliza. Mimi natafuta kazi Mwanza, na nimeshaambiwa mshahara utashuka. Wadogo zangu nimekaa nao, tumepanga upya ada. Tukifika Majilio tutaamua. Kibali kinaweza kukataliwa, kazi inaweza kukosekana. Tumekubaliana kwamba tukishindwa, tutaachana bila kulaumiana. Kulisema hilo kulituuma wote wawili. Bibi ndiye asiyetaka kusikia habari ya kushindwa.

Wewe uliyerudi likizo na moyo umebaki huko, fanya mambo matatu. Mtembelee wakati wa kazi, si wakati wa sikukuu. Andika majina ya watu watakaolipia uamuzi wako. Kisha salini pamoja, hata kama ni kwa simu, hata fumbo moja la rozari mtandao ukiwa mbaya.

Ee Bwana, utufundishe kupenda siku za kawaida. Utuondolee aibu ya vitu vidogo na tamaa ya vitu vya kuonyesha. Na kama njia zetu ni mbili, utupe neema ya kuachana kwa heshima. Amina.